Kabla hujauliza lenzi gani, niambie utasimama wapi

Wiki iliyopita dogo mmoja tuliyejuana kwa sababu ya hizi hizi kamera alinitumia meseji usiku, "kaka nimedunduliza hela, nataka lenzi moja, nipige basketi, nipige watu, nipige na mandhari, ninunue ipi?" Nikamjibu kwa swali, utasimama wapi? Akanyamaza kidogo alafu akaandika, "kaka mi niko siriasi." Na mimi nilikuwa siriasi vile vile, maana kwa miaka yote niliyobeba hili begi sijaona swali linalochagua lenzi vizuri kuliko hilo. Wengi tunaanza na jina la picha, tunasema lenzi ya michezo, lenzi ya potreti yaani ya picha za watu, lenzi ya mandhari, kana kwamba lenzi inajua imeelekezwa kwa nani. Haijui. Lenzi kazi zake ni mbili tu, kukata kipande cha kilichoko mbele yake, kipana au chembamba, na kupitisha mwanga, mwingi au kidogo. Hayo mengine yote yanaamuliwa na miguu yako, na huyo aliyekuzuia usisogee mbele.

Nilikuja kulielewa hili baada ya mechi yangu ya kwanza. Nilikuwa na ile lenzi inayokuja na kamera, 18-55, yaani milimita 18 mpaka 55, na milimita zikiwa nyingi kipande inachokata kinakuwa chembamba na vya mbali vinakuja karibu, nimekaa chini nyuma ya mstari wa goli, na furaha niliyokuwa nayo siwezi kuielezea, kwa macho wachezaji nawaona kabisa, naona jasho, nasikia wanavyoitana, kipa anafokea mabeki wake nasikia kila neno. Nikapiga picha zaidi ya mia nne. Usiku nikafungua kompyuta, kila picha ni nyasi, nyasi, anga, na katikati watu wadogo kama siafu. Kulikuwa na goli la kichwa ambalo nililiwahi kabisa, mpira umegusa paji la uso, macho yamefumbwa, na nilipolikuza ili nilione vizuri likabaki rangi rangi tu, huwezi kujua yupi ni yupi. Ile picha iliniuma sana, maana kwenye muda sikukosea hata kidogo, nilikosea kwenye milimita.

Baada ya hapo ndio nikakaa na kalamu. Kuna hesabu moja nyepesi ambayo kwa maoni yangu ingefundishwa siku ya kwanza mtu anaposhika kamera: chukua urefu wa mtu, zidisha kwa milimita za lenzi, gawanya kwa umbali aliko, jibu ndio urefu atakaokuwa nao juu ya sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Sensa ya fulufremu, ile kubwa, ina milimita 36 kwa 24. Mchezaji wa mita 1.8 akiwa mita 30 kutoka ulipo, na umeshika 400mm, anapata milimita 24 kamili, yaani kisigino mpaka nywele amejaza fremu ya kulala. Shika 200mm pale pale, anapata 12, nusu ya fremu. Mimi na 55mm yangu nilikuwa nampa 3.3. Kamera yenyewe ilikuwa ya sensa ndogo, APS-C, ambayo upande wake mfupi ni kama milimita 15.6, kwahiyo alikuwa anachukua moja ya tano ya fremu, tena huyo ni wa mita 30, na uwanja wa mpira wa kimataifa una mita 105 kwa 68, sasa fikiria yule aliyekuwa katikati ya uwanja.

Hapo hapo niseme la sensa ndogo, maana linachanganya watu kila siku. Unaposikia "zidisha kwa 1.5" au 1.6 kwa Canon, usidhani lenzi yenyewe imerefuka. 85mm ni 85mm popote utakapoifunga, ila sensa ndogo inachukua kipande cha katikati tu cha picha ambayo lenzi imeitupa ndani, kwahiyo inakuwa kama umeshaikata. Kwa michezo hiyo ni zawadi, unafika mbali kwa lenzi ndogo. Ndani ya chumba ni mateso, na nitarudi huko.

Sasa kwa uwanja wa nje picha inaanza kuonekana. 70-200 kwenye fulufremu inakupa mchezaji mzima aliyejaza fremu akiwa mita 15 mbele yako, na eneo la penati lina kina cha mita 16.5, kwahiyo ukikaa nyuma ya goli hiyo lenzi ni ya eneo la penati na zaidi ya hapo unabahatisha. Ndio maana wale wanaofanya kazi hii kila siku utawaona wana kamera mbili, moja imefungwa 400 kwenye monopodi, stendi ya mguu mmoja, na nyingine ina 70-200 inaning'inia begani kwa ajili ya kitakachokuja karibu. Wewe mwenye moja, ushauri wangu ni huu, chagua mita 15 zako ukae nazo. Usimkimbize mpira uwanja mzima kwa lenzi isiyofika, ngoja ukufuate. Utapata picha chache ila zitakuwa picha. Na kama mechi zako ni za mchana, jua linawaka, basi 100-400 au 150-600 zile zenye tundu dogo la f/6.3 huko mwishoni (namba hiyo naielezea hapo chini) zinafanya kazi vizuri kabisa, watu wanazidharau bure, kwenye jua kali unapata 1/2000 ya sekunde bila shida na ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, iko chini tu.

Shida inaanza jua linapozama, au mnapoingia ndani ya ukumbi.

Hii namba ya f/ ni mgawanyo tu, milimita za lenzi gawanya kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga. 50mm ya f/1.8 tundu lake ni kama milimita 28. Sasa 400mm ya f/2.8, fanya hesabu, 400 gawanya kwa 2.8, milimita 143, kioo cha mbele lazima kiwe kipana kuliko kiganja cha mkono, na nyuma yake kuna vioo vingine vingi. Ndio maana zile lenzi ni nzito na ghali vile, hawajaamua tu kukukomoa, ni fizikia. Canon EF 400mm f/2.8 ya kwanza yenye kizuia mtikisiko ilikuwa na gramu 5370, toleo la tatu la mwaka 2018 wakaishusha mpaka 2840, karibu nusu, na hata hivyo bado ni mzigo, hakuna mtu anaibeba dakika 90 kwa mikono mitupu. Na ile rangi nyeupe ambayo watu wanadhani ni ya kujionyesha ina kazi yake, lenzi inakaa juani mechi nzima na nyeupe haivuti joto kama nyeusi, vioo vikipata joto vinatanuka na ukali wa picha unaanza kuyumba.

Nilipoingia ukumbini mara ya kwanza kupiga basketi nilikuwa nimeshaongeza lenzi, ya kuvuta mpaka 300mm, ila tundu lake huko mwisho ni f/5.6. Kwa macho ule ukumbi ulikuwa na mwanga wa kutosha. Kamera ikasema hapana. Ili kugandisha mtu anayeruka unahitaji angalau 1/500, mimi napenda 1/1000, na kwa f/5.6 ilibidi ISO ipande mpaka picha zikajaa chenga kama tivii iliyopoteza stesheni, nikishusha ISO shata, ule mlango unaofunguka kuingiza mwanga, inachelewa na mikono yote inakuwa ukungu. Hatua za tundu zinakwenda hivi, 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila hatua moja mbele unakata nusu ya mwanga. Kutoka f/2.8 kwenda f/5.6 ni hatua mbili, umebaki na robo. Kilichokuwa ISO 3200 kinakuwa 12800. Hapo ndipo unapolipia ile pesa ya f/2.8, unanunua robo tatu ya mwanga uliyokuwa unaipoteza.

Lakini kuna njia ambayo hatuambiani sana na mimi niliigundua kwa kukosa hela. Uwanja wa basketi una mita 28 tu, na ukikaa kwenye kona chini ya kikapu shughuli zote za maana zinatokea ndani ya mita 5 mpaka 8 kutoka magotini kwako. Weka kwenye hesabu, 85mm, mtu wa mita 1.8, umbali mita 6, unapata milimita 25, fremu imejaa. Na 85mm ya f/1.8 ni lenzi ndogo, nyepesi, inaingia mfukoni mwa koti, na inapitisha mwanga karibu mara kumi ya ile f/5.6 yangu. Mara kumi! Haivuti, ndio, mchezaji akiwa upande wa pili umemkosa, muache aende, atarudi. Niliazima moja kwa rafiki, nikakaa kona ile ile, ISO 3200, shata 1/800, nikapiga dada mmoja anaruka kwa leiyapu, anaupeleka mpira kikapuni kwa karibu, na kwenye picha unaona mishono ya mpira na vidole vilivyobonyea juu ya mpira. Mpaka leo nikiiangalia nasikia kelele za viatu kwenye sakafu.

Mambo mawili ya haraka kwenye michezo kabla sijaondoka. Kizuia mtikisiko kwenye lenzi kinazuia mikono yako wewe, hakizuii miguu ya mchezaji, kwahiyo usikilipie ukidhani kitagandisha mbio, mbio zinagandishwa na shata. Na ile tyubu ya kuongeza urefu, telekonveta, ya 1.4 inakula hatua moja ya mwanga na ya 2 inakula mbili, kwahiyo 70-200 f/2.8 ukiifungia ya 2 unapata 140-400 f/5.6, mchana sawa, ukumbini umerudi kule kule nilikotoka. Angalia pia kasi ya mota ya fokasi, lenzi mbili zenye namba zinazofanana zinaweza kutofautiana sana hapo, moja inaruka mara moja kwenye sura na nyingine inatafuta tafuta wakati mchezo umeshapita.

Potreti sasa. Hapa hakuna aliyekuzuia kusogea na hapo ndipo tunapoharibu.

Shangazi yangu aliniomba nimpige picha ya kuweka sebuleni. Nilikuwa nimetoka kununua 24mm, naipenda, naifunga kila mahali, nikamsogelea mpaka sura yake ikajaa fremu, kama nusu mita hivi. Mwanga ulikuwa mzuri, wa dirishani, nikapiga, nikamuonyesha pale pale. Akaishika kamera kwa mikono miwili akaangalia muda mrefu, alafu akaniuliza kwa upole, "mwanangu, huyu ndiye mimi?" Pua imekuja mbele, mashavu yamekimbia, masikio yamejificha nyuma. Nilijisikia vibaya kweli, kwa sababu mtu amekaa mbele yako amekuamini na uso wake na umemrudishia uso wa mtu mwingine.

Kumbe kilichoharibu ni umbali. Ncha ya pua iko nusu mita kutoka kwenye kamera, sikio liko kama sentimita 12 nyuma yake, yaani sentimita 62. Gawanya 62 kwa 50, pua inachorwa kubwa kuliko sikio kwa asilimia 24 zaidi ya inavyostahili. Rudi nyuma mpaka mita 2, sasa ni 212 kwa 200, asilimia 6 tu, na huo ndio uso tunaoufahamu, maana watu tunawaangalia kutoka umbali huo tunapoongea nao. Na hii haina uhusiano na lenzi kabisa, ukipiga na 24mm ukiwa mita 2 alafu ukakata katikati, uso utatoka na umbo lile lile la 85mm kutoka mita 2, ila tu umebaki na vipikseli vichache. Kwahiyo wanaposema 85mm ni lenzi ya potreti maana yake ya kweli ni kwamba 85mm inakulazimisha usimame pale ambapo uso unakaa sawa. Hiyo ndio siri yake nzima, inakusogeza nyuma. 105 na 135 zinakusogeza zaidi, uso unakuwa bapa kidogo, wengine wanapendeza sana hivyo, ila mnaanza kuongea kwa kupaza sauti na kwa mtu mwenye aibu mbele ya kamera hiyo inaharibu zaidi kuliko pua.

Alafu kuna chumba. Watu wananunua 85 wakifika nyumbani wanagonga ukuta kwa mgongo. Mtu mzima wa mita 1.8 kwenye fremu ya kusimama, fulufremu, 85mm, unahitaji mita 4.25 na hapo hata nafasi ya juu ya kichwa hujaacha. Kwenye sensa ndogo ni mita 6.5. Chumba gani kina mita 6.5 kati ya ukuta na mtu, na huyo mtu naye anatakiwa akae mbali na ukuta wake ili nyuma yake pafifie? Kwahiyo kama unapiga ndani, mtu mzima kuanzia kichwa mpaka miguu, 50 kwenye fulufremu au 35 kwenye sensa ndogo ndio itakayokuokoa, mita 2.5 mpaka 3 unamaliza kazi. Pima chumba chako kabla ya kununua. Kwa hatua tu, hatua moja ndefu ni kama mita, huhitaji futi kamba.

Na tundu. Potreti ndio ilikuwa ya kwanza kulilia tundu kubwa, na sababu haikuwa ukungu wa nyuma, ilikuwa ni muda. Mwaka 1840 Joseph Petzval, mtu wa hesabu kule Vienna, alichora lenzi ya karibu f/3.6 ambayo kampuni ya Voigtländer ikaitengeneza, wakati zilizokuwa zinatumika kabla yake zilikuwa huko kwenye f/15. Picha iliyokuwa inamtaka mtu akae bila kutikisika kwa dakika nzima nzima ikashuka chini ya dakika moja. Katikati kali, pembeni inazunguka zunguka, na leo kuna watu wanaitafuta hiyo mizunguko ya pembeni kwa makusudi.

Sisi leo hatuna shida ya muda, tuna shida nyingine, tunafungua tundu lote kwa sababu tu lipo. 85mm kwenye f/1.8 kutoka mita 2 inakupa kama sentimita 6 za ukali, mbele na nyuma jumla, fulufremu. Fokasi ikikaa kwenye jicho, masikio yameshaondoka, na akigeuza uso kidogo jicho moja linakuwa kali na la pili limelala. Kwenye f/2.8 unapata kama 9, kwenye f/4 kama 13, uso mzima. Mi mara nyingi niko 2.8. Ukitaka nyuma pafifie zaidi msogeze mtu mbali na ukuta, mita 3 za nafasi nyuma yake zinafanya kazi kubwa kuliko kuruka kutoka 1.8 kwenda 1.4 kwa hela nyingi. Watu wanaopiga familia, watu watatu wanne wamekaa kwa mistari miwili, nawaomba sana msipige kwa f/1.8, yule wa nyuma naye amevaa vizuri siku hiyo.

Mandhari nimeyaweka mwisho kwa sababu ndiko tunakodanganyana zaidi. Ukiuliza popote utaambiwa nunua lenzi pana, 16-35, 14-24, pana kabisa. Nilifanya hivyo. Nikapanda kilima asubuhi na mapema kupiga mlima ulioko upande wa pili wa bonde, jua linachomoza, mlima umekaa pale mkubwa umejaza macho yangu yote, sikuwa na maneno. Nikapiga kwa 16mm. Kwenye picha ule mlima ukawa kichuguu.

Turudi kwenye hesabu ile ile. Mlima unaonyanyuka mita 1000 kutoka bondeni, uko kilomita 20, kwa 24mm unapata milimita 1.2 kwenye sensa yenye milimita 24. Asilimia 5 ya fremu! Kwa 16mm ni chini ya milimita moja. Kwa 200mm ni milimita 10, zaidi ya theluthi ya fremu, na hapo ndipo picha inaanza kufanana na kile moyo ulichokiona. Jicho lilikuwa limeuchagua mlima likasahau vingine vyote, lenzi pana haikuchagua kitu. Picha za mandhari ninazozipenda katika zangu, zaidi ya nusu ni za 70-200, matabaka ya vilima yamebebana mgongoni, ukungu katikati, mti mmoja.

Lenzi pana ni ya kilichoko miguuni pako. Jiwe, maji, ufa wa ardhi, majani yenye umande, usogelee mpaka karibu kugusa, ukiwa umeinama kweli, sio umesimama wima unaelekeza kamera chini kidogo, na hapo ndipo 16 au 20 inapofanya maajabu, lile jiwe linakuwa mlango na mlima unakuwa nyuma ya nyumba. Kama hapo ulipo mbele yako hakuna kitu cha karibu, chukua nyingine.

Tundu kubwa huku huna kazi nalo. Mandhari inapigwa f/8 mpaka f/11, kamera iko kwenye stendi ya miguu mitatu, shata ichukue muda inaotaka, kwahiyo kununua pana ya f/2.8 wakati ipo ya f/4 nyepesi ni kubeba mawe mlimani, isipokuwa kama unapiga nyota. 24mm kwenye f/11, weka fokasi karibu mita 1.8, kila kitu kuanzia kama sentimita 90 mpaka upeo wa macho kinakaa kikali. Usikimbilie f/22. Kwenye 24mm, f/22 ni tundu la milimita moja tu, mwanga ukipita kwenye upenyo mwembamba namna hiyo unatawanyika na picha nzima inalainika, unapoteza ukali uliokuwa unautafuta. Wapo watakaokwambia mbona wapiga picha Ansel Adams, Edward Weston na wenzao walijiita Group f/64, maonyesho yao ya kwanza yalikuwa San Francisco mwaka 1932, na f/64 ni tundu dogo kuliko yote hayo. Ni kweli, lakini wale walikuwa na kamera za filamu kubwa, mpaka sentimita 20 kwa 25, picha haihitaji kukuzwa sana kwahiyo ule ulaini hauonekani. Sensa yetu ya milimita 36 inakuzwa mara nyingi sana kabla haijafika ukutani.

Filta ya polaraiza nzuri kwa kutoa mng'ao kwenye majani na maji, ila kwenye 16mm anga litatoka na doa jeusi upande mmoja, kwa sababu lenzi inameza kipande cha anga kikubwa kuliko filta inavyoweza kukitia giza sawasawa. Na kabla hujanunua pana sana angalia kioo cha mbele, zile zilizovimba kama jicho la chura nyingi hazikubali filta ya kufunga.

Ukinunua iliyotumika, na mimi karibu zote zangu zimetumika, nenda na tochi ndogo. Fungua mifuniko yote miwili, fungua tundu lote, mulika kutoka nyuma kwa pembeni ukiangalia kutoka mbele. Vumbi kidogo sio tatizo. Nyuzi nyuzi kama mizizi ya mmea au utando wa buibui, huo ni ukungu wa fangasi, rudisha na uondoke, hata kama bei inashawishi, maana unakula vioo taratibu na sio kila fundi anauweza. Mikwaruzo ya kioo cha mbele inaumiza moyo kuliko picha, ya kioo cha nyuma ndio mbaya. Alafu piga ukuta wa matofali kwa namba ya f ndogo kabisa, tundu likiwa wazi lote, na ulinganishe pembe nne, pembe moja ikiwa laini kuliko nyingine zote hiyo lenzi huenda ilishaanguka.

Dogo nilimpa kazi ya nyumbani. Nikamwambia nenda ukumbini unapopiga basketi, hesabu hatua kutoka unaporuhusiwa kukaa mpaka chini ya kikapu. Pima chumba unachopigia watu. Alafu fungua picha zako kumi za mandhari unazozipenda uone zilipigwa kwa milimita ngapi. Kesho yake jioni akajibu: "Kaka, kikapu hatua 8. Chumba mita 3 na nusu. Mandhari saba kati ya kumi ni 18 mpaka 24, f/8, na ile ile lenzi niliyonayo."

Kamera yake ni ya sensa ndogo. Tukafanya hesabu pamoja kwa meseji. 85mm, hatua 8, mchezaji anapata kama milimita 19 kwenye 15.6, kwahiyo anakatwa magotini kwenda chini, na kwa mtu anayeruka kwenda juu hiyo ni fremu nzuri sana. Chumbani, mita 3 na nusu, anapata mtu kuanzia kiunoni kwenda juu, kichwa na mabega kutoka mita 2 na kidogo, pua ya kila mtu iko salama. Mtu mzima mpaka miguu hatampata na 85, hiyo atatumia 18-55 yake au atoke nje. Na mandhari tayari anayo, kwenye f/8 ile lenzi ya kuanzia ni nzuri kuliko watu wanavyoisema, kilichobaki anunue stendi.

Amepata 85 f/1.8 iliyotumika, aliimulika kwa tochi, vioo viko safi. Jana amenitumia picha ya bibi yake, dirisha liko kushoto, f/2.8, unaweza kuhesabu kope.